Bustani ya Mimea ya Dawa

Kata jani moja la mchaichai. Linuse kwanza kama lilivyo. Kisha lisugue kati ya viganja vyako, ulinuse tena. Je, umeona tofauti? Kabla ya kusuguliwa jani lilikuwa na harufu hafifu. Sasa lanukia sana, kama limau. Harufu hiyo ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imehifadhiwa katika vijifuko vidogo mno vya mafuta. Uliposugua, vijifuko vikapasuka, mafuta yakageuka kuwa mvuke, na mvuke huo ukakuingia puani.

Lakini mchaichai haukutengeneza mafuta hayo kwa ajili ya chai yetu. Fikiri kidogo juu ya maisha ya mmea. Mbuzi akimwona chui hukimbia. Mmea ukifikiwa na mbuzi, au na kiwavi mwenye njaa, hubaki palepale uliposimama. Hauna miguu. Kwa hiyo lazima ujilinde kwa njia nyingine. Mimea mingine huota miiba. Mingine hutengeneza ndani ya majani, magome au mizizi yake vitu vichungu, vyenye harufu kali, au vyenye sumu. Kwa mdudu mdogo anayetaka kutafuna jani, harufu uipendayo wewe ni kama moshi wa kuni mbichi: humfukuza.

Vitu hivyo hivyo, ambavyo mmea umevitengeneza kwa kujilinda, ndivyo binadamu anavyovitafuta anapotafuta dawa. Katika somo hili tutajifunza habari zake kwa kupanda bustani ndogo. Mfano wetu ni bustani iliyo katika miteremko ya Mlima Meru, karibu na Arusha. Ikiwa wewe unakaa Lindi au Kigoma, baadhi ya mimea yako itakuwa tofauti, lakini kazi ni ile ile.

Mlima Meru ni volkano. Kilele chake kina urefu wa zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, na mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910, tena kidogo tu. Majivu yaliyotupwa na mlima huu zamani sana ndiyo yaliyofanya udongo wa Arusha kuwa mweusi, mwepesi na wenye rutuba. Upande wa kusini na mashariki, kama vile Tengeru na Usa River, hupata mvua nyingi. Upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Oldonyo Sambu, ni mkavu, kwa maana mlima huzuia mawingu ya mvua. Kwa hiyo watoto wawili wanaoutazama mlima mmoja, kila mmoja kutoka upande wake, hawawezi kupanda bustani zilizo sawa.

Eneo la mita 2 kwa mita 3 latosha. Chagua mahali panapopata jua tangu asubuhi hadi alasiri, mbali na choo na mbali na mfereji wa maji machafu. Lima kwa jembe, vunja mabonge, changanya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Zungushia miti au miiba, la sivyo kuku watachakura mbegu zako zote kabla ya saa nne ya siku ya kwanza. Katika mitaa iliyosongamana, kama Ngarenaro, huenda nyumbani kwenu hakuna hata hatua mbili za udongo. Usikate tamaa. Tumia makopo, ndoo kuukuu au gunia lililojazwa udongo. Jambo moja tu usilisahau: toboa matundu chini ya chombo. Mizizi huhitaji hewa kama wewe, na maji yakituama hujaza nafasi zote za hewa katika udongo. Jaribu kupanda mchaichai katika makopo mawili, moja lenye matundu na moja lisilo na matundu. Yamwagilie maji sawasawa kila siku kwa majuma matatu, kisha ng'oa mimea yote miwili utazame rangi ya mizizi yake.

Wakati mzuri wa kuanza ni masika, mwezi Machi au Aprili. Ukingoja hadi Juni na Julai utakuta baridi, na siku nyingi mawingu hufunika mlima tangu asubuhi. Mbegu huota polepole mno wakati huo.

Mchaichai haupandwi kwa mbegu. Mwombe jirani mwenye kichaka cha mchaichai akupe mashina machache yenye mizizi. Punguza majani hadi yabaki urefu wa kama sentimita 15, kwa sababu majani marefu hupoteza maji mengi wakati mizizi bado haijashika udongo. Baada ya miezi michache shina moja huwa kichaka, nawe utaweza kumpa jirani mwingine.

Pembeni ya mchaichai panda kivumbasi. Mbegu zake ni ndogo kama chembe za mchanga. Zichanganye na mchanga mkavu, zinyunyize juu ya udongo, kisha zifunike kidogo sana. Ukizifukia chini hazitaota. Tangu zamani watu wa nchi yetu wameweka kivumbasi nyumbani ili kufukuza mbu. Je, ni kweli kwamba humfukuza? Watafiti waliopima mimea ya jamii hii kaskazini-mashariki mwa Tanzania waliona kuwa ni kweli: mbu hupungua penye harufu yake. Aina moja ya kivumbasi, ambayo jina lake la kisayansi, Ocimum kilimandscharicum, limetokana na mlima jirani wa Meru, ina kafuri nyingi ndani ya majani. Huko Kakamega, nchini Kenya, wakulima waishio kando ya msitu walifundishwa kulima aina hiyo na kukamua mafuta yake kwa mvuke, yakatiwa katika dawa ya kuchua. Walipata fedha bila kukata mti hata mmoja wa msitu. Lakini ujue kwamba harufu hufifia baada ya muda mfupi, na mbu wa malaria huuma usiku kucha. Mtu mwenye kivumbasi dirishani bado alale ndani ya chandarua.

Mmea wa tatu ni mshubiri. Huota penye mawe na ukavu, kwa hiyo unafaa hata kwa mtoto anayesahau kumwagilia. Chimbua chipukizi lililoota kando ya mshubiri mkubwa, ulipande. Jani lake linene likikatwa utaona vitu viwili. Karibu na ganda huchuruzika utomvu wa njano, na katikati mna ute mwangavu unaoteleza. Utomvu wa njano ni mchungu mno, na mtu akiumeza huharisha vibaya. Ute wa katikati hutuliza ngozi. Jani ni moja, lakini sehemu yake moja hupoza na nyingine huumiza tumbo. Tena mishubiri yote si sawa. Iko ya porini yenye sumu kali, kwa hiyo usichume porini ukidhani ni ule wa nyumbani. Mdogo wako akiungua kidogo kwa uji, kwanza mwagia mahali hapo maji baridi, yatiririke kwa dakika 20. Kuungua kukiwa kukubwa usipake kitu chochote. Mwite mtu mzima, mgonjwa apelekwe zahanati.

Wanaokaa juu zaidi mlimani, penye baridi, waweza kupanda pareto. Ua lake ni jeupe lenye kitovu cha manjano. Maua yaliyokauka yakisagwa huwa unga unaoua wadudu, nao unga huo ukipigwa na jua huharibika upesi, haubaki shambani siku nyingi.

Acha sehemu ya bustani yako kwa maua ya porini. Utaona kwamba ua hufanya kazi iliyo kinyume cha kazi ya jani chungu: jani hufukuza wageni, ua huwaalika. Kando ya barabara nyingi za Arusha huota mmea mrefu wenye shina la pembe nne. Maua yake, ya rangi ya chungwa, huzunguka shina kama mipira iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kaa kimya karibu nayo asubuhi, utamwona ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Huyo ni chozi. Hutumbukiza mdomo katika mirija ya maua kunywa maji matamu yaliyomo, na anapoinama, chavua hushika kichwani pake. Akienda ua jingine huiacha chavua hiyo huko, na mbegu hufanyika. Ua hilo halina karamu ya bure.

Ukitaka mmea huo nyumbani, chukua mbegu, usiuchukue mmea wenyewe. Ngoja mipira ya maua ikauke, ikung'ute ndani ya mfuko wa karatasi, nusu ya mbegu uziache palepale zilipozaliwa. Mmea mkubwa ukiung'oa porini mara nyingi hufa njiani, na mahali pale hubaki patupu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ni marufuku kabisa kung'oa au kuchuma mmea wowote, hata ua moja.

Sasa tuinue macho kutoka bustanini, tuutazame msitu ulio juu yetu. Humo mna mti mmoja mkubwa ambao Wachaga huuita mkondekonde, na wanasayansi huuita Prunus africana. Gome lake hutumiwa kutengeneza dawa ya wanaume wazee wanaopata shida ya kukojoa, nalo limenunuliwa na nchi za Ulaya kwa miaka mingi. Katika misitu kadhaa ya Afrika miti hii imekufa kwa wingi. Haikukatwa kwa shoka. Ilibanduliwa magome tu. Kwa nini ikafa?

Chini ya gome mna njia nyembamba zinazochukua chakula kilichotengenezwa na majani na kukiteremsha hadi mizizini. Maji hupanda kwa njia nyingine, zilizo ndani zaidi, katika ubao wa mti. Mtu akibandua gome kuzunguka shina lote, chakula hakiwezi kushuka tena. Majani huendelea kuwa ya kijani kwa muda, kwa kuwa maji yangali yakipanda, na wapita njia hudhani mti umepona. Kumbe mizizi inakufa kwa njaa. Mizizi ikifa, maji nayo hukoma, na mti mzima hukauka. Mti uliochukua makumi ya miaka kukua huuawa kwa kazi ya asubuhi moja. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1995 biashara ya gome hilo kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya masharti ya mapatano ya kimataifa.

Waweza kuliona jambo hili bila kuua mti. Chagua tawi moja dogo la mti wa uzio, kwa ruhusa ya mwenyewe. Bandua gome upana wa sentimita 2 kuzunguka tawi hilo, usikate ubao. Litazame kila juma kwa miezi miwili. Sehemu iliyo upande wa majani itavimba karibu na jeraha. Je, ni kitu gani kimekusanyika pale?

Waarusha na Wamaasai hutia vipande vya magome na mizizi katika supu ya nyama, kama vile gome la olkiloriti. Ukimfuata bibi au babu anayejua kazi hii hadi porini, mtazame anavyochukua: hutoa kipande kidogo upande mmoja, akaenda mti mwingine. Mwulize kwa nini. Mara nyingi wazee waliujua ukweli huu kabla haujaandikwa vitabuni.

Iko mimea mingine katika bustani za Arusha ambayo watu huipanda kwa uzuri tu, bila kuijua. Mmoja wao una maua makubwa meupe, au ya manjano mepesi, yanayoning'inia kama tarumbeta zilizotundikwa, na usiku hunukia sana. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ni jamaa ya nyanya na kiazi, lakini kila sehemu yake ni sumu: jani, ua, mbegu na hata mzizi. Anayeila hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, huweweseka, naye aweza kufa. Na bado, kutokana na mimea ya ukoo huu hupatikana atropini, dawa ambayo daktari wa macho hutumia, matone tu, ili kupanua mboni aweze kuona ndani ya jicho. Tone moja lililopimwa ni dawa. Majani kadhaa yasiyopimwa ni kaburi. Ukiwa na mmea huu nyumbani, usiuguse kisha ukala bila kunawa mikono, wala usiwaache wadogo zako wachezee maua yake.

Hapa ndipo penye ugumu wa dawa za mimea. Jani halina alama ya kutuambia lina kiasi gani cha dawa ndani yake. Habari za pakanga zitakuonyesha jambo hilo vizuri.

Pakanga ni mmea mchungu wenye majani yaliyogawanyika kama manyoya. Wachina wameitumia aina moja ya pakanga kutibu homa tangu zamani sana. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanasayansi wa China waliitafuta dawa ya malaria katika mimea mingi ya kale. Walipochemsha pakanga, dawa yao mara ilifanya kazi, mara haikufanya kazi. Mmoja wao, mama Tu Youyou, alisoma tena kitabu kilichoandikwa miaka kama 1,600 iliyopita. Kitabu hicho hakikusema mmea uchemshwe. Kilisema uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Akawaza: huenda moto mkali ndio unaoiharibu dawa! Mwaka 1971 alitumia etha, kimiminiko kinachochemka kwa nyuzi 35 tu za Sentigredi, kutoa dawa ndani ya majani bila joto kali. Safari hii ilifanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hiyo ilifika kwetu pia. Tangu mwisho wa mwaka 2006 Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya malaria, ambayo sehemu yake moja hutokana na pakanga. Katika miaka hiyo ya 2000 wakulima wa Arusha walilima pakanga, majani yakapelekwa viwandani.

Je, tukiwa na pakanga bustanini, tunywe chai yake tukipata malaria badala ya kwenda zahanati? La. Katika chai hiyo dawa ni kidogo, tena kiasi chake hubadilika kikombe kwa kikombe. Dawa kidogo huua vimelea dhaifu tu vya malaria. Vyenye nguvu hubaki, huzaana, na mgonjwa huzidiwa. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumiwe kama tiba. Mtoto mwenye homa aweza kuzidiwa kwa siku moja au mbili. Apimwe damu, na akionekana ana malaria apewe dawa mseto, aimalize yote.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, katika mkoa huu huu wa Arusha, kunywa kikombe kimoja cha maji ya mizizi ya mugariga. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa za hospitali wakiamini wamepona, na kati yao wako waliofariki. Urefu wa foleni si kipimo cha dawa. Kipimo ni kuwahesabu waliopona na wasiopona, na kuwalinganisha na wengine ambao hawakuinywa.

Wewe nawe anza kupima katika bustani yako. Andika jina la kila mmea kwenye kibao, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwenu, na mimea yenye sumu uiwekee alama nyekundu. Kisha panda kivumbasi katika makopo mawili, mbegu za mmea mmoja, udongo wa aina moja. Kopo moja liweke juani, la pili kivulini, uyamwagilie maji sawa. Majani yakifikia upana wa kidole gumba, chuma jani moja kutoka kila kopo. Mfunge mwenzako macho kwa kitambaa, msugulie jani la kwanza, halafu la pili, akuambie lipi lanukia zaidi. Fanya hivyo kwa wanafunzi kumi, mmoja mmoja, uandike jibu la kila mmoja katika daftari lako. Usiwaambie mapema jani lipi limetoka juani.